Taimingi belti: uliza tarehe kabla ya kuuliza kilomita

Ukiingia karibu gereji yoyote hapa Mbeya na gari lililotoka Japani likiwa limetumika, swali la lini ubadilishe taimingi belti, yaani mkanda unaozifanya valvu za injini zifunguke na kufungwa kwa wakati wake, hujibiwa kwa kuchungulia dashibodi. Kama odomita, yaani kihesabu kilomita, haijafika kilomita 100,000, unaambiwa utembee tu, bado. Mimi sikubaliani na utaratibu huo. Kipimo chenyewe si cha kubuni, kwa kuwa ndicho kilichowekwa kwa injini nyingi za mkanda za Toyota na Subaru, lakini kinamfaa mtu aliyenunua gari likiwa jipya na anayejua kila kilomita ilivyotembewa. Wengi wetu ni wamiliki wa pili au wa tatu, odomita huchezewa, na mkanda wenyewe ni mpira ulioimarishwa kwa nyuzi za faibaglasi, ambao huzeeka kwa joto na kwa miaka hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba gari la mkanda lisilo na ushahidi wa tarehe lihesabiwe kuwa mkanda wake umekwisha muda, na ubadilishwe kabla gari halijapandishwa Kitonga. Ninaitaja Kitonga kwa sababu gari likishatolewa bandarini Dar es Salaam na kuanza safari ya kuja huku, mlima huo ndio mtihani wake wa kwanza wa maana, na watu wengi huliendesha moja kwa moja bila hata kufungua boneti.

Wenye IST, Probox na magari mengine ya injini ya 1NZ-FE wanaweza kuishia hapa, kwani injini hiyo hutumia cheni, na fundi anayewadai fedha za mkanda anawadai kitu ambacho hakimo. Suala hili linawahusu wenye Mark II za 1G-FE, RAV4 na Noah za zamani za 3S-FE, Carina za 7A-FE, Forester za EJ20, Prado za 1KZ-TE, Hiace za 3L na 5L, na Land Cruiser za 1HZ. Hata hao hawako sawa. Kwenye 3S-FE na 7A-FE pistoni imeachiwa nafasi ya kutosha isiigonge valvu, hivyo mkanda ukikatika injini huzima, unavutwa hadi gereji, unafunga mkanda mpya na maisha yanaendelea. Kwenye EJ20 na kwenye dizeli zote nilizozitaja, mkanda ukikatika pistoni hugonga valvu. Dizeli haina ujanja wa kulikwepa hilo, kwa kuwa huwasha mafuta kwa kuibana hewa kiasi cha takriban 22 kwa 1, na mbano wa namna hiyo hauachi nafasi ya valvu kubaki wazi pistoni inapofika juu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufungwa mara 25 kwa sekunde, hivyo hakuna dereva awezaye kuwahi kuzima. Matokeo yake ni valvu kupinda, wakati mwingine pistoni kutoboka, na silinda hedi, yaani kichwa cha injini chenye valvu, kushushwa.

Ushahidi wa tarehe unatafutwa wapi? Mafundi wa Japani wana desturi nzuri ya kubandika karatasi ndogo ndani ya chumba cha injini, mara nyingi kwenye kifuniko cha mkanda, ikionyesha siku ulipobadilishwa na kilomita zilizosomeka siku hiyo. Tatizo ni usomaji wake. Wajapani huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na mwaka huo mara nyingi si wa kalenda yetu bali wa zama za mfalme wao. Zama za Heisei zilianza mwaka 1989 na kuisha Aprili 2019, kwa hiyo unachukua namba ya mwaka na kuijumlisha na 1988. Zama za sasa za Reiwa zilianza Mei 2019, nazo hujumlishwa na 2018. Karatasi iliyoandikwa 24.6.10 inaweza kumfurahisha mnunuzi akidhani mkanda ni wa Juni 2024, kumbe ni Heisei 24, yaani Juni 2012. Ipo pia inayotumia mwaka wa kawaida, ndiyo maana ni lazima ulinganishe na kilomita zilizoandikwa pale: kama karatasi inasema 96,000 na odomita ya leo inasema 81,000, umepata majibu mawili kwa mpigo, la mkanda na la odomita.

Sasa nirudi kwenye kilomita, maana hata zikiwa za kweli, kilomita ya huku si sawa na ya tambarare. Mkanda hauhesabu umbali, unahesabu mizunguko ya injini. Gari linalokwenda kilomita 90 kwa saa kwenye gia ya mwisho, injini ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, hutumia mizunguko 1,800 kwa kila kilomita. Gari hilohilo likiwa na mzigo, likipandisha Kitonga kutoka Ruaha Mbuyuni kuelekea Ilula kwa gia ya pili, kilomita 30 kwa saa na mizunguko 3,000 kwa dakika, hutumia mizunguko 6,000 kwa kilomita, zaidi ya mara tatu. Tena hufanya hivyo injini ikiwa na joto kali. Anayetoka Kyela na mpunga kuja Mbeya kila wiki anajua ni muda gani gari hukaa kwenye gia ndogo, na anayesubiri foleni Tunduma huku injini ikinguruma anaumaliza mkanda bila odomita kusogea. Ndiyo maana kwa gari linalofanya kazi huku mimi nimejiwekea kilomita 80,000 au miaka saba, kimojawapo kitakachotangulia. Ni hesabu yangu, haimo kwenye kitabu cha gari, na sioni kama ni woga.

Wenye dizeli watanijibu kwamba gari lao lina taa ya T-BELT kwenye dashibodi na haijawaka. Taa hiyo haiuoni mkanda. Huhesabu kilomita tu kupitia odomita na kuwaka zikitimia, na kwenye baadhi ya magari ya zamani huzimwa kwa kuhamisha skrubu moja nyuma ya dashibodi. Aliyeizima anaweza kuwa amebadilisha mkanda, au alichoshwa tu na taa.

Kuuangalia kwa macho kunasaidia upande mmoja. Fungua kifuniko cha juu umulike kwa tochi: ukiona nyufa, kingo zilizochanika au utelezi wa oili, badilisha leo. Usipoona chochote hujathibitisha lolote, kwa kuwa nyuzi zinazobeba nguvu zimefichwa ndani ya mpira. Oili ndiyo adui mkubwa zaidi, na hutoka kwenye sili (mipira ya kuzuia uvujaji) zilizochoka za kamshafti, mhimili unaofungua valvu, na za krankshafti, mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa hiyo kufunga mkanda mpya na kuacha sili zinazovuja ni kuutia mkanda huo kwenye maradhi ya ule wa kwanza. Tenshena, yaani kifaa kinachoukaza mkanda, na beringi zake zibadilishwe papo hapo. Kwenye EJ20 na 3S-FE mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji, na kuibakiza pampu ya zamani ili kupunguza gharama ni jambo nisilolielewa, kwani ikikwama au beringi yake ikivunjika mkanda mpya unakwenda nayo.

Kama unaweza, simama pale kazi inapofanyika. Fundi anayejua kazi, akishapanga alama za kamshafti na krankshafti na kukaza tenshena, huchukua spana na kuizungusha krankshafti kwa mkono mizunguko miwili kamili, polepole, kisha huangalia kama alama zimerudi mahali pake. Akienda moja kwa moja kwenye swichi, mzuie. Mzuie pia anayeukunja mkanda mpya kama kamba ili uingie mfukoni, maana nyuzi za ndani hukatika bila kuonekana.

Kwa anayenunua gari kwa mtu, jibu la "nilibadilisha juzi tu" bila tarehe wala risiti ninalichukua kama gari lisilobadilishwa. Hatugombani. Ninapita kwanza duka la spea kuulizia bei ya mkanda, tenshena, sili na pampu, naongeza ufundi, kisha jumla hiyo naikata kwenye bei ya gari, na muuzaji ambaye kweli alibadilisha huwa anakumbuka ghafla ilipo risiti.