Mirambo wa Stanley ni yupi?

Nimeletewa rasimu ya utafiti ya kijana wa chuo hapa Tabora, mada Mtemi Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi wa Urambo karne ya 19. Ukurasa wa pili kaandika: "Mirambo alikuwa jambazi aliyefunga njia ya misafara." Rejea ni moja tu, Stanley, yule msafiri aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Hata "kwa mujibu wa" hakuna. Na mtoto mwenyewe kakulia Urambo! Imeniuma.

Jamani, kabla ya kumnukuu mtu tuulize alikuwa upande gani. Mwaka 1871 Stanley alikuwa Kwihara, jirani na Tabora, mgeni wa Waarabu wa Tabora, mizigo yake ya kwenda Ujiji imekwama kwa sababu Mirambo kafunga njia. Akabeba bunduki, akaingia vitani pamoja na wenyeji wake. Wakapigwa. Agosti mwaka huohuo Mirambo akaishambulia Tabora yenyewe, nyumba zikateketea, na Stanley akabaki Kwihara akijiandaa kushambuliwa. Huyo ndiye shahidi wetu wa ujambazi wa Mirambo: adui yake vitani, tena mwandishi wa New York Herald mwenye wasomaji wanaongoja habari.

Sasa mfuate hadi 1876. Stanley huyohuyo anakutana na Mirambo, wanachanjiana udugu, na kitabu chake cha baadaye, Through the Dark Continent, kinamsifu kuwa mpole na muungwana. Ni miaka mitano tu imepita. Ukisoma kimoja ukaacha kingine, utaandika chochote unachotaka na rejea utakuwa nayo.

Sikatai, bila Stanley tungekosa mengi kuhusu misafara, njia na biashara ya pembe. Lakini hata tarehe zake zinahitaji mwenzake: siku ya kukutana na Livingstone huko Ujiji yeye anaiweka 10 Novemba 1871, shajara ya Livingstone mwenyewe inaiweka Oktoba.

Wazee nao wahojiwe vilevile. Rugaruga, wapiganaji wa Mirambo, walichoma vijiji, na masimulizi ya waliochomewa hayafanani na ya Urambo. Mtafiti asiyevuka kwenda kuyasikiliza amedesa tu, hata kama amedesa kwa mdomo wa babu yake.

Wasimamizi wa vyuoni, nawasihi. Mnawakazania vijana mabano, nukta na mwaka wa kuchapishwa, na rasimu inapita. Waulizeni mbele yenu: huyu aliyeandika alikuwa anagombana na nani, na alikuwa anamwandikia nani? Asiyejibu arudi maktaba.