Kutazama, Kupima na Kuogopa: Asili ya Maneno ya Heshima katika Kilatini na Kiingereza

Wanaisimu wengi huwatilia shaka watu wanaochimba asili ya neno ili wapate maana yake ya kweli, na shaka hiyo ina sababu. Mkufunzi wa semina hueleza kwamba neno la Kiingereza "respect" limetokana na Kilatini "respicere", yaani kugeuka na kutazama tena, kisha papo hapo anatoa fundisho kwamba kumheshimu mtu ni kumtazama mara ya pili. Asili aliyoitaja ni sahihi, lakini kwa Warumi "respectus" lilikuwa zaidi neno la kutazama nyuma, la kimbilio au la kuzingatia jambo, na Cicero, mwandishi na msemaji wa Kirumi, alipotaka kuutaja utiifu wa adabu wanaopewa watu waliotuzidi hadhi, alitumia "observantia". Tena kutoka "respectus" hilohilo, kwa njia ya Kifaransa, Kiingereza kilipata "respite", ambalo ni nafuu au muhula, na hakuna anayedai kwamba kumwongezea mdaiwa muhula ni kumheshimu.

Hoja hiyo ina nguvu, ila inajibu dai ambalo wachimbaji makini hawajalitoa. Wao hawasemi kwamba asili inaiamuru maana. Wanasema kwamba maneno ambayo sisi huyatafsiri yote kuwa heshima yaliingia katika Kiingereza kwa milango mbalimbali, na kwamba alama za milango hiyo hazijafutika. "Respect" na "regard" yamezaliwa na kutazama. "Esteem" limetoka kwa "aestimare", kitenzi cha kukadiria thamani, na ni ndugu wa "estimate" ambalo fundi humwandikia mteja kabla ya kuanza kazi. "Worship", ambalo leo ni neno la ibada, katika Kiingereza cha kale lilikuwa hali ya mtu kuwa na thamani, ndiyo maana meya wa mji wa Uingereza anaweza kuitwa "Your Worship" bila mtu yeyote kudhani kwamba anaabudiwa. "Honour" lina historia ya vyeo: Warumi waliviita vyeo vya umma "honores", na hata leo "Honourable", Mheshimiwa wetu wa bungeni, hufuata kiti kuliko tabia ya aliyekikalia.

Tofauti ya kutazama na kupima ndiyo inayostahili kukaliwa. Mwaka 1977 mwanafalsafa Mmarekani Stephen Darwall alitenganisha heshima ya namna mbili: ile ya kutambua, ambapo unazingatia kwamba aliye mbele yako ni mtu unapoamua namna ya kumtendea, na ile ya kutathmini, ambapo unampa sifa kwa kadiri ya ubora wake. Ya kwanza haina madaraja, ya pili haiwezi kuwepo bila madaraja. Anayesema heshima ni haki ya kila mtu na anayesema heshima haiombwi bali hupatikana kwa matendo wanaweza kubishana usiku kucha, wote wawili wakiwa sahihi, kwa kuwa mmoja anazungumzia jicho na mwingine mizani.

Mfano ninaoupenda zaidi umo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Humo Petro anasema kwamba Mungu si "respecter of persons", na Waraka wa Yakobo unakemea kusanyiko ambalo aliyeingia na pete ya dhahabu na mavazi mazuri anaonyeshwa mahali pazuri pa kuketi, huku maskini akiambiwa asimame au akae chini karibu na pa kuwekea miguu. Kosa hilo linaitwa "respect of persons". Biblia yetu husema upendeleo. Tafsiri ya Kilatini ina neno "persona", ambalo hapo awali lilikuwa kinyago cha mwigizaji. Wapinzani watasema kwamba ushahidi huu ni wao, kwa kuwa neno linaloweza kutaja dhambi na fadhila halina maana ya kudumu. Mimi nausoma kinyume. Kitendo cha kutazama kimebaki kilekile. Kilichobadilika ni jicho linatua wapi, juu ya pete au juu ya mwenye kidole. Aliyempa tajiri kiti alikuwa anapima bei, huku akidhani anamwona mtu.

Hata hivyo mgawanyo wa jicho na mizani haumalizi mambo, na hapa naona wachimbaji wanamzidi mwanafalsafa. "Revere" limetoka kwa "vereri", kuingiwa na kicho, na "awe" limetoka katika lugha ya kale ya Skandinavia likiwa na maana ya hofu. Kant, mwanafalsafa Mjerumani ambaye mwaka 1797 aliliweka neno "reverentia" pembeni ya neno lake la Kijerumani la heshima, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1785 kwamba hisia hiyo si woga wala mapenzi, ingawa ina kitu kinachofanana na vyote viwili. Hofu hiyo sioni pa kuiweka katika heshima mbili za Darwall. "Vereri" hilohilo ndilo lililowapa Warumi "verecundia", ile haya inayomzuia mtu kuvuka mpaka mbele ya mwenzake, na maana hiyo iko karibu sana na "hishma" ya Kiarabu, yaani haya na staha, ambako sisi tulilipata neno heshima.