Hendibreki ya Jiwe

Kila gari nchi hii lina hendibreki, na kila dereva ana jiwe lake la kuzuia tairi kwenye buti. Sasa nauliza, ule waya mrefu chini ya gari kazi yake nini, kuanikia nguo?

Chukua hizi gari ndogo za kawaida, zenye dramu nyuma, lile bakuli la chuma linalozunguka na tairi. Unavuta mkono, kre-kre-kre, waya unavutika, brekishuu, vile vipande vya kusugua vilivyo ndani, zinatanuka, zinabana dramu. Gari likishika kati ya kre ya tano na ya nane, hapo sawa. La kwako linafika ya kumi na tano, mkono umesimama wima mithili ya askari wa gwaride, na gari bado linateremka polepole.

Unampelekea fundi. Anafungua kiboksi cha katikati ya viti, anakaza nati ya waya, "bosi, tayari." Tayari nini? Shuu huko ndani zimekwisha! Kinachoanza ni dramu: ifunguliwe, shuu ziangaliwe, adjasta yenye meno, ile inayosogeza shuu karibu na dramu, izungushwe. Waya ni wa mwisho. Ukikaza waya peke yake, shuu hazirudi zote, dramu inachemka, na harufu inaingia mpaka ndani unadhani kuna anayechoma mpira barabarani. Usimlipe kwanza. Zuia tairi za mbele kwa mawe, piga jeki nyuma, shusha hendibreki, zungusha tairi kwa mkono. Likiwa zito, mwambie arudi chini.

Halafu wenzetu wa otomatiki. Mlimani anatupia P, gia ya kuegesha, anatoa mguu kwenye breki, gari linajisogeza kidogo, linatulia. "Si limesimama?" Limesimamishwa na kijino kimoja cha chuma ndani ya giaboksi, na tani nzima na zaidi imekilalia! Ndiyo maana wakati wa kuondoka gia inagoma, halafu inatoka na NGOO! Mguu ubaki kwenye breki, gia N (huru), vuta hendibreki, achia mguu ili gari liilalie hendibreki, kanyaga tena, ndipo P. Hazifiki sekunde kumi. Lakini tuna haraka, tunawahi foleni.

Noah nayo ina vituko vyake. Nyingi zina hendibreki ya mguu wa kushoto: kanyaga inashika, kanyaga tena inaachia. Aliyeazima anapapasa katikati ya viti, anakuta mahali pa kuweka soda. Anaondoka imeshika, taa nyekundu inawaka, eti "hiyo taa kawaida yake." Kawaida! Taa hiyohiyo kwenye gari nyingi huwaka pia mafuta ya breki yakipungua. Umeachia na bado inawaka? Fungua boneti uangalie kikopo.

Za kisasa zenye kitufe, mota ndogo ndiyo inayobana breki za nyuma. Betri ikifa imeshika, hushushi kitu mpaka upate umeme. Na fundi akitaka kubadilisha pedi, aiweke kwanza kwenye hali ya matengenezo. Akisukuma pistoni ya breki kwa nguvu, anaua mota, na bei ya mota hiyo ataisikia mwenye gari.

Land Rover Defender za zamani hendibreki haigusi tairi kabisa. Inabana propela shafti ya nyuma, ule mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye tairi za nyuma. Inashika kweli, ila ukipiga jeki tairi moja la nyuma, difu, ile gia inayogawa nguvu kwa tairi mbili, inaliacha la juu lizunguke na la chini litembee. Gari linakushukia ukiwa na spana mkononi. Hapo jiwe ni halali, tena mawili.

Ila wanaonichosha ni wa malori. "Upepo ndio unashikilia hendibreki." Ni kinyume! Springi ndiyo inashika, upepo unaibana ili iachie. Ndiyo maana lori lililovuja upepo usiku kucha halitoki asubuhi mpaka mtungi ujae. Na likigoma kabisa, utingo keshalala chini anafungua chemba, lile kopo la breki lenye springi ndani. Jamani! Ile springi imekandamizwa kwa nguvu ya zaidi ya nusu tani. Kifuniko kikiruka kinaua. Kuna boliti ndefu ya kuifunga springi, mara nyingi imechomekwa ubavuni mwa chemba yenyewe. Zuia tairi kwa mawe kwanza, ingiza boliti nyuma ya chemba, izungushe ijifunge ndani, kaza nati yake mpaka springi ikunjike. Klipu ya kifuniko usiiguse hata kwa kidole.