Nimeuza kura ya Tandahimba kwa kashata mbili

Jana nimelala njaa kwa sababu ya uchaguzi wa rais. Msishtuke, si wa nchi hii. Nchi yenyewe haipo.

Mama watoto alinituma Feri nifuate samaki. Njia inapita kijiwe cha kahawa, na kijiweni yupo mpwa wangu, yule aliyemaliza chuo akarudi na maneno tu. "Mjomba, kaa, tunaunda nchi." Nikakaa. Hapo ndipo nilipopotea.

Nchi yenyewe ni hivi. Waingereza walikuja kulima karanga Nachingwea, mradi wao ulianza 1947, karanga zikagoma, 1951 wakakunja jamvi. Mpwa wangu anasema: tuchukulie zilikubali. Reli ya Nachingwea mpaka Mtwara haikung'olewa, bandari imejaa meli, Kusini tuna jamhuri yetu ya karanga. (Nikauliza korosho zetu zinakaa wapi. Nikaambiwa nisilete upinzani.) Wagombea watatu, hakuna aliyefika nusu, basi rais anachaguliwa na wabunge. Wabunge ndio sisi wanywa kahawa.

Mimi nikapewa Tandahimba. Tandahimba sijawahi hata kulala!

Mwalimu mstaafu akaleta sheria ya Marekani: kule kila jimbo kura moja, basi kwetu kila wilaya kura moja, iwe na wabunge wawili au ishirini. Masasi walikuwa wawili, fundi cherehani na kijana wa bodaboda, ambao hawasalimiani tangu lile deni la suruali. Huyu akisema ndiyo, yule hapana. Kura ya Masasi ikaharibika duru ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Spika ni muuza kahawa mwenyewe. Kila duru anatujazia vikombe na kuandika kwenye daftari. Uspika wa namna hiyo hata mimi nautaka.

Jua linazama, nikaomba ruhusa. Mwalimu akanikalisha. "Tulia wewe. 1801 wenzako Marekani walipiga kura mara 36 ndipo Jefferson akapita. Na 1825 Jackson ndiye aliyeongoza kwa kura, wabunge wakampa Adams." Sasa mimi na huyo Adams tunajuana wapi, na samaki kule Feri wanaisha?

Duru ya tisa mpwa wangu akanisogezea kashata mbili chini ya benchi. Za karanga, kumbe zingekuwa za nini. Nikahama upande. Tandahimba ikaamua, rais akapatikana, watu wakapiga makofi, na spika akafungua daftari: kwa kuwa wilaya yangu ndiyo iliyoshinda, gharama za Bunge ni juu yangu.

Hela ya samaki ikaishia hapo.

Nimefika nyumbani mikono mitupu, mama watoto kasimama mlangoni na sufuria. Nikamwambia, "Mke wangu, tumepata rais."

"Haya," akasema. "Mwambie akupikie."