Kagua Waya
Leo asubuhi, nikiwa nimekwisha kufagia duka na kupanga karatasi zangu kaunta, nilibonyeza kitufe cha kompyuta hapa Mbuyuni nikajibiwa kwa maandishi meupe juu ya kioo cheusi: PXE-E61, kisha Kiingereza kifupi chenye maana ya kwamba jaribio la njia limeshindwa, kagua waya. Mimi ni mtu mzima, nimelipa pango la mwezi huu, na sikuzoea kuamrishwa na kifaa nilichokinunua kwa fedha taslimu.

Mashine yenyewe ni ya mtumba, na haina diski ndani. Shemeji yangu, kabla ya kuhamia Dodoma, aliniaminisha kuwa huo ndio uchumi: diski ipo kwenye kompyuta kubwa ya chumba cha nyuma, na hii ya mbele kila asubuhi huomba anwani kwenye mtandao, huvuta mfumo mzima kupitia waya, ndipo ipate kuwaka. Zilikuwa mbili, lakini moja ilikwenda na radi ya masika. Kwa hiyo nina mfanyakazi mmoja ambaye kila siku ni lazima apite kwa jirani kuazima akili kabla ya kuja kazini, na siku njia ikifungwa anakaa kunitazama.

Akaingia mama mwenye fleshi mkononi, anataka kuchapishiwa fomu za mwanawe wa kidato cha tano kabla ya basi la saa tatu. Nikamjulisha, kwa heshima zote, kwamba mfumo unafanyiwa marekebisho. Ndivyo tunavyojibiwa sisi maofisini, nikaona leo ni zamu yangu. Kijana wa bodaboda alichungulia akashauri nizime niwashe. Nikazima, nikawasha, nikamshukuru.

Ndipo akaja fundi, kijana wa Pasua, mkoba mgongoni na bisibisi sikioni kama kalamu ya karani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tazama hapo."

Hakutazama. Aliinama akatega sikio juu ya mashine kama mkunga, akatikisa kichwa, akatamka kwa huzuni kwamba diski imekufa. Nikamweleza kuwa mashine hiyo haina diski. Akanyamaza, akafikiri, akasema, "Basi ndiyo maana."

Akaifungua. Aliomba ufutio wa mwanafunzi, akasugua meno ya memori mpaka yakang'aa kama ya mtoto wa tangazo la dawa ya mswaki, akairudisha, akawasha: kagua waya. Akang'oa kile kibetri cha duara cha volti 3, akakilamba, akasema kimechoka, akaweka kingine ambacho bei yake niliitajiwa baadaye: kagua waya. Akapumua kwa nguvu, akaniambia kuwa hawa ni virusi wa mtandao. Nilimuuliza virusi hao wameingiaje ikiwa mtandao wenyewe haufiki kwenye mashine, naye, bila kupepesa macho, akanijibu kwamba ndio wameziba njia.

Hapo heshima yote niliyoamka nayo ilinitoka. "Soma kioo, wewe! Soma! Tangu asubuhi kinasema!"

Aliyesoma ni mama wa fomu. "Si pameandikwa waya hapo?" akasema, bila hata kuinuka kwenye benchi.

Tukaufuata waya, watu watatu kwa msafara, mpaka nyuma ya mashine. Kile kichwa cha plastiki angavu kilikuwa kimening'inia nje ya tundu lake, kijilimi chake cha kukishikia kimevunjika, na taa ndogo ya pembeni imezima kabisa. Nikakumbuka kwamba kijilimi kilivunjika kabla ya Pasaka, nami kwa mikono yangu nikakikaza kichwa kwa kijiti cha meno. Nikakumbuka pia kwamba alfajiri, nilipokuwa nikifagia, nilikiona kijiti cha meno sakafuni nikalaani uchafu wa wateja. Sikuona haja ya kuwaeleza wenzangu habari hizo.

Fundi akakata waya, akaumenya, akazipanga nyuzi 8 huku akizikariri kama mtoto wa komunio ya kwanza: chungwa nyeupe, chungwa, kijani nyeupe, bluu, bluu nyeupe, kijani, kahawia nyeupe, kahawia. Akabana kichwa kipya kwa koleo, akakisukuma, kikalia ta! Taa ya kijani ikawaka. Mashine ikapata anwani, ikawaka kwa unyenyekevu kana kwamba haijawahi kumtusi mtu.

Elfu ishirini, akasema. Elfu mbili ya kichwa, tatu ya kibetri, na iliyobaki ni ya uchunguzi.

Fomu zilipotoka, basi la saa tatu lilikuwa limekwisha kuondoka, kwa hiyo mama akaagiza chai kwa mama lishe wa mlango wa pili, kulekule ninakochukulia vijiti vyangu, na chai ya kule siku hizi, nasema kweli, tangawizi inaonyeshwa tu kwa maji kisha inarudishwa kabatini.