Muhogo na Katani, Ndugu wa Tumbo Moja

Nilikuwa na miaka minane hivi. Mjomba wangu alikuwa akifanya kazi kwenye korona, kiwanda cha kuchambulia mkonge, njia ya Muheza, na siku hiyo alinikuta nimekaa kando ya kamba za kuanikia, natafuna singa, uzi wa katani inayotoka kwenye mkonge. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mjomba, hiyo hata utafune mpaka kiama, haiwi tamu."

Jioni tukala muhogo wa kuchemsha. Nikajaribu: tonge moja, bila kumeza, natafuna tu. Ukawa mtamu. Nikamwuliza kwa nini huu unakuwa mtamu na ile singa haikuwa. Akacheka, akaniambia nile.

Jibu nililipata ukubwani, na mpaka leo linanishangaza. Muhogo na katani ni sukari ileile. Wanga wa muhogo ni maelfu ya glukosi zilizoshikana mikono, na singa ya mkonge kwa sehemu kubwa ni maelfu ya glukosi zilizoshikana mikono. Tofauti iko kwenye namna ya kushikana. Kwenye wanga, kiungo kinaufanya mnyororo ujisokote kama chemchemi ya kitanda, ukaacha nafasi mate yaingie. Kwenye singa, kila glukosi imepinduliwa ukiilinganisha na jirani yake, mnyororo ukanyooka, na minyororo ikalaliana na kubanana mpaka ukapata kamba ya kufungia jahazi. Mate yetu yana kimeng'enya kinachojua kukata kiungo cha kwanza. Cha pili hatuna. Ng'ombe naye hana; ana wapangaji tumboni, bakteria, wanaomkatia majani, naye anaishi kwa kodi.

Hayo yote yalikuwamo kwenye daftari langu la sekondari. Niliyanakili ubaoni kwa Kiingereza, nikayakariri, nikafaulu. Wala simlaumu mwalimu, naye ndivyo alivyofundishwa. Lakini tulikuwa watoto wa Tanga, wengine walikuja shule wamekula bada, ugali wa muhogo, wengine baba zao walikuwa makuli wa mkonge, na hakuna siku hata moja vitu hivyo viwili vilitajwa darasani. Nasema waziwazi: somo la kemia ya uhai lianzie chunguni, na kwa Kiswahili. Wanaodai hatuna maneno wanisamehe. Kumeng'enya tunako, kuchachua tunako, wanga tunao, umetaboli, yaani namna mwili unavyogeuza chakula kuwa nguvu, umo kwenye kamusi.

Chukua huo umetaboli wenyewe. Umewahi kupanda bodaboda asubuhi na noti ya elfu kumi? Hela unayo, lakini dereva hana chenji, basi ni kama huna. Glukosi ni noti kubwa. Msuli haupokei noti; unapokea sarafu iitwayo ATP, na glukosi moja ikivunjwa polepole, hatua kwa hatua, mpaka mwisho wake kwenye mitokondria, vijitanuri vilivyomo ndani ya seli, inatoa sarafu kama 30. Akiba ya sarafu hizo mwilini ni ndogo mno, lakini zinavyozungushwa, jumla ya ATP unayotengeneza kwa siku moja inakaribia uzito wako mwenyewe. Na duka halifungwi. Umelala fofofo, ubongo wako, ambao ni kama asilimia 2 ya mwili, unaendelea kula kama asilimia 20 ya nishati yote.

Hapo ndipo ninapomkumbuka bibi. Muhogo mchungu kwake ulikuwa haupikwi siku ulipochimbwa. Unamenywa, unalowekwa siku kadhaa mpaka ulainike na kunuka, unaanikwa, ndipo unatwangwa unga wa bada. Ukimwuliza sababu, atakwambia una sumu, basi. Sumu hiyo ni sianidi, na inachofanya ni kufunga dirisha la mwisho kabisa la pale chenji zinapotolewa: damu imejaa oksijeni lakini seli haziwezi kuitumia. Bibi alijua la kufanya, daftari langu lilijua sababu, na tuliishi nyumba moja miaka yote bila wawili hao kukutana.

Pengo hilo lina wateja wake. Mwaka jana shangazi alinunua chupa ya dawa ya majani, shilingi elfu thelathini, kwa mtu mwenye kipaza sauti aliyesema inaamsha umetaboli na mafuta yanayeyuka, unayatoa chooni. Shangazi alikwenda chooni kweli, siku tatu, na kilichopungua ni maji.

Nikamweleza kwamba mafuta ya mwili hayatoki huko. Yanaunguzwa, na ukiunguza kilo 10, karibu kilo 8.4 zinatoka kama kaboni dayoksaidi, kwa pumzi, na kilo 1.6 zilizobaki zinakuwa maji. Akaniangalia. "Kwa hiyo mie unene wangu nautoa puani?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi si nikae hapa kibarazani nihemehe tu?"

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani. Nikamjibu kwamba kuhema hakuunguzi kitu. Misuli iunguze kwanza, pumzi inakuja kuzoa majivu. Siku hizi anatembea mpaka Raskazone na kurudi, analalamika njia nzima, na ile chupa anamwagilia mchicha.

Juzi mwanawe, yuko kidato cha pili, kaja na kazi ya nyumbani ya wanga. Nikamkatia kipande cha muhogo, nikachomoa na singa moja kwenye kamba ya kuanikia nguo. Nikamwambia atafune kimoja kimoja, asimeze. Muhogo ukamchukua kama dakika moja, macho yakamtoka. Singa akaitafuna mpaka adhana ya magharibi, kisha akaifuta, akaitia kwenye mfuko wa shati la shule.

"Kesho nampelekea mwalimu," akasema.