Sauti Inayotangulia Picha

Filamu ya The Ten Commandments ya mwaka 1956 haianzi na Musa. Pazia linafunguka kidogo, anatoka Cecil B. DeMille mwenyewe, mwongozaji wa filamu, anaikaribia maikrofoni na kuwaamkia watazamaji, wakubwa kwa wadogo. Anawaambia kwamba kisa chake ni cha kuzaliwa kwa uhuru, kwamba Biblia imenyamaza kuhusu miaka kama 30 ya maisha ya Musa na kwa hiyo ilibidi pengo hilo lijazwe kwa maandiko ya waandishi wa kale wa Kiyahudi, akina Philo na Josephus, na kwamba kisa kitachukua saa 3 na dakika 39, mapumziko yakiwapo.

Wapo wanaoyaona maneno hayo kuwa mahubiri yanayochelewesha filamu, nami siwaungi mkono. Sisi tuliokuzwa na ngano tunajua kwamba msimulizi hakurupuki na kisa chake: husema "Paukwa!" akangoja aitikiwe "Pakawa!", kwa kuwa hadithi haimwingii mtu ambaye hajakubali kuipokea. DeMille alikuwa akiomba ridhaa hiyo hiyo, na baada ya kuipata akaendelea kuisimulia filamu kwa sauti yake mwenyewe.

Katika Ben-Hur ya mwaka 1959, anayetusimulia mwanzoni habari za Wayahudi kwenda kuhesabiwa kwa amri ya Roma ni Finlay Currie, ambaye ndiye pia Balthasar, mmoja wa mamajusi. Baadaye mzee huyo anakutana na Judah Ben-Hur, mhusika mkuu, na kumdhania kuwa ndiye yule mtoto wa Bethlehemu, ambaye kwa sasa angekuwa wa rika lake. Hapo ndipo ninapoelewa kwa nini sauti ile ilikuwa na shauku: msimulizi mwenyewe bado anatafuta.

Si kila sauti inayojua mipaka yake. Mwigizaji Orson Welles anaisimulia King of Kings ya mwaka 1961, filamu ya maisha ya Yesu, kwa ufasaha mkubwa, kwa maneno yaliyoandikwa na mwandishi Ray Bradbury, lakini mara nyingi anaeleza kile ambacho nyuso za waigizaji zingetosha kukieleza.

Ninayoipenda kuliko zote ni ile inayofungua Spartacus ya mwaka 1960. Tunaambiwa kwamba Spartacus, mtumwa mwana wa mtumwa, aliuzwa kwenye migodi ya Libya kabla ya kutimiza miaka 13, akaishi akiota kifo cha utumwa miaka 2,000 kabla utumwa wenyewe haujafa. Kwa sentensi hiyo moja tunajua kwamba hatashinda, na badala ya kutuharibia kisa, ujuzi huo unakipa uzito kila anachokifanya. Sauti inaponyamaza, jua ni kali, watu wamebeba mawe mlimani, mmoja anaanguka. Spartacus anautua mzigo wake ili amwinue, na mlinzi anapomzuia kwa mapigo, anamng'ata mguu.